Santuri Inayoruka Palepale

9 Februari

Dada mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na Baba hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila macho yanalalamika kila jioni, na fundi saa asiyelalamikiwa na macho yake basi hafanyi kazi. Hofu yangu ni kwenu. Vipi kifua chako na hiyo gundi ya maktaba? Vipi magoti ya Baba kwenye ngazi?

Humu ndani kuna kanda. Shika vizuri, usiiweke karibu na pasi kama ile ya mwaka jana. Ni ile konseto yetu ya selo, ileile anayopiga Mama Mkali wetu kwenye santuri ya Baba, ila hii amepiga kijana mmoja ambaye kwenye jalada anaonekana hata ndevu hajaota. Nimeazima santuri maktaba ya mji huku nikaihamishia kwenye kanda. Nimewasikiliza wanane mpaka sasa, Dada, na huyu ndiye wa kwanza kunifanya nisimame kutoka kwenye kiti. Mwanzo anaingia taratibu, halafu kwenye sehemu ya pili, pale Mama Mkali anapogomba, yeye anaomba. Anaomba kabisa, hana aibu. Sijui Baba atasemaje. Mpe asikilize kwanza bila kumwambia kwamba mimi nimempenda, maana nikimpenda mtu Baba anamtafutia kasoro.

Na hukumu yake uniandikie neno kwa neno. Ile ya mwisho nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi: "Huyu anapiga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto." Fundi mkuu aliniuliza nacheka nini, nikamwonyesha ukuta. Mstari wa chini wa barua auandike Baba mwenyewe kwa mkono wake kama kawaida. Nikiuona ule mwandiko wa fundi viatu aliyezoea kuchora nyayo najua yuko sawa.

Ombi moja. Kati ya zile kanda za Mama Mkali mlizonirekodia, moja imeliwa na mashine. Nimebaki na mbili, nazo zimechoka. Nirekodie tena upande wa pili, vilevile tunavyofanya siku zote: redio kaseti kwenye stuli, Baba kwenye kiti chake, santuri inazunguka. Sitaki safi. Nataka na mlio wa kile kiti, na kikohozi, na ule mruko.

Unajua nimeshazoea vibaya? Pale selo inapopanda mpaka juu kabisa na okestra nzima inakaribia kumwangukia, santuri yetu inaruka. Zile sekunde saba za Mama Mkali sijazisikia tangu nizaliwe. Kijana wangu anazo zote, lakini kila zikipita naona kama mtu ameongeza maneno kwenye sala ninayoijua.

Msalimie baba mdogo akipita hapo.

Mdogo wako,
Sekunde

*

2 Mei

Mdogo wangu Sekunde,

Natumaini u mzima na macho yako yamepumzika. Sisi hapa tunaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nisamehe kwa kuchelewa hivi. Maktaba walituletea shehena ya vitabu vilivyolowa maji, nimejalidi mpaka vidole vimenata, nikirudi nyumbani nalala kama gogo.

Kanda yako ilifika salama. Baba ameisikiliza. Amesema ni nzuri, na kwamba huyo kijana ana kipaji. Alisikiliza ametulia tu na kandambili zake, hakusema mengi.

Hapa nimekuwekea Mama Mkali, upande wa pili, kama ulivyoomba. Mstari wake hajaandika safari hii, miwani imevunjika na mpya haijawa tayari. Anakusalimu sana.

Halafu usijisumbue kupiga simu ya duka la kona. Mwenye duka ameihamisha.

Jitunze na baridi.

Dada yako

*

23 Mei

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Ninyi sijui.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, na kila niliporudia furaha ilipungua. Naomba uniruhusu niulize kama fundi anavyouliza saa iliyosimama: nafungua kifuniko, naangalia jino moja baada ya jingine, sina ubaya na mtu.

Jino la kwanza. Baba amesema "ni nzuri". Dada, Baba yupi? Mzee amesikiliza muziki huu tangu yule mteja wake aliyehama alipomwachia sanduku la santuri arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kusema kitu ni kizuri. Hata siku ya harusi yako alisema viatu vya bwana harusi "vinasogea kuwa viatu". Leo kijana asiye na ndevu anapewa "ana kipaji"?

Jino la pili. Kandambili. Mtu aliyeshona viatu maisha yake yote, asiyemsikiliza Mama Mkali mpaka avae vile vyeusi vya kisigino cha ngozi na afunge kamba mara mbili! Alikuwa akitwambia huwezi kumpokea mgeni wa heshima kwa kandambili. Tangu lini amebadili?

Jino la tatu ndilo linaloninyima raha. Nimeisikiliza kanda. Nilikaa nikingojea mruko wangu kama mtu anayengoja chafya. Haukuja. Mama Mkali alipanda, akafika juu, akapita, akashuka. Zote sekunde saba zimo. Nikachukua saa ya kupimia mbio. Kanda zangu mbili za zamani, ile sehemu ni dakika tisa na sekunde kumi na nne, zote mbili. Hii yako mpya ni dakika tisa na sekunde ishirini na moja.

Mkwaruzo wa santuri hauponi, Dada. Siyo kidonda.

Sasa nauliza taratibu. Ile santuri iliyozunguka kwenye kanda hii ni ya Baba kweli? Namkumbuka yule mwenye duka la vitu vya kale alivyokuwa akipanda ngazi zetu kila mwezi kulitamani lile sanduku. Najua pia kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Lakini kama sanduku limeuzwa, na huko kwenye kabati umemwekea mzee santuri nyingine ya Mama Mkali iliyo mpya ili asigundue, niambie tu. Miwani iliyovunjika imevunjika wakati mzuri sana.

Simu ya duka la kona nilipiga. Iko palepale. Mwenye duka alikohoa, akasema huyo dada ametoka, akakata.

Mdogo wako

*

14 Juni

Kwako mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu tumelelewa hivyo. U hali gani? Sisi wazima.

Barua yako niliisomea kazini, nikaharibu jalada la kamusi nzima. Mimi niuze santuri za Baba? Mimi ninayepangusa kila moja kwa kitambaa cha pamba Jumamosi hadi Jumamosi, wakati wewe uko huko na saa yako ya kupimia mbio? Huyo mwenye duka la vikale alikuja, ndiyo. Nilimshusha ngazi kwa ufagio. Kamuulize.

Santuri ni ileile. Kwa kuwa wewe huamini neno mpaka ulione, nimeweka karatasi juu ya ile nembo ya katikati nikapitisha penseli. Tazama. Unaiona ile herufi uliyoichora kwa bisibisi ukiwa na miaka tisa, ukachapwa kwa kosa hilo? Iko hapo. Kwa nini hairuki tena, labda ni sindano mpya. Mimi si fundi wa mashine.

Na Baba anasema, ulitaka hukumu basi hukumu hiyo: kijana wako anapiga kama anafukuzwa na mbwa. Umeridhika?

Dada yako

*

5 Julai

Dada,

Natumaini afya ipo.

Sijaridhika, na nitakuambia kwa nini, maana nimekaa nalo siku nyingi mpaka fundi mkuu ameninyang'anya saa ya mteja akiogopa nitaiharibu.

Ninazo hukumu za Baba thelathini na sita hapa ukutani. Nimezipitia zote. Mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mtu anayetafuta funguo mfukoni huku mlango uko wazi. Mjane anayehesabu viti. Mgeni anayesifia chakula kabla ya kuonja. Unaona? Watu. Baba humfananisha mpigaji na mtu, kila mara. Mbwa, kuku, punda, hamna hata mmoja humo. "Anafukuzwa na mbwa" hiyo ni ya kwako, Dada. Umeitunga mezani kwako baada ya mimi kukuandikia. Baba hajasema chochote kuhusu yule kijana, na nina hofu hata kanda yenyewe hajaisikia.

Karatasi yako ya penseli nimeiona. Herufi ni yangu, sibishi. Lakini kazi yako ni nini? Wewe ni mjalidi. Asubuhi hadi jioni unabandua karatasi hapa na kuibandika pale bila kuacha alama. Nembo ya santuri ni karatasi ya duara tu. Kama ulitaka nikuamini, usingenitumia ushahidi wa kitu ambacho wewe hasa ndiye unayeweza kukibandua.

Na sindano mpya hairefushi muziki pale palipokuwa na mkwaruzo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ni ya sekunde saba.

Sipendi kuandika haya. Wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, nami nilidhani mtu pekee ambaye sitamkagua duniani ni wewe. Lakini mkataba wangu unaisha katikati ya Desemba, nikivunja kibali kinafutwa na huku sirudi tena, kwa hiyo siwezi kuja kuangalia kwa macho yangu. Nimemwandikia baba mdogo. Nimemwomba aje hapo bila taarifa, aingie sebuleni, afungue kabati, ahesabu santuri moja moja, kisha amuulize Baba mwenyewe anajua nini.

Mtu anayeuza muziki wa baba yake akiwa hai ataona haya gani kumuuza na yeye?

Mdogo wako, kama bado unataka niwe

*

29 Julai

Sekunde,

Salamu leo sina.

Baba mdogo alikuja na barua yako mkononi. Hakuhesabu santuri. Alikaa kwenye ngazi akalia, mtu mzima yule, kisha akaniambia, "Mwandikie mtoto. Nilikuambia tangu mwanzo, mficha maradhi kifo humuumbua." Baba mdogo hakuhitaji kuja kuangalia chochote. Ndiye anayembeba Baba kila asubuhi kutoka kitandani hadi kwenye kiti tangu Februari.

Kanda yako ilifika tarehe kumi na saba. Baba alifurahi kama mtoto. Aliniambia weka redio tayari, akaenda kuvaa viatu vyake vyeusi. Nilimsikia akiimba ile sehemu ya pili huko chumbani, halafu sikumsikia. Nilimkuta chini kando ya kitanda. Kimoja alikuwa ameshakivaa, cha kushoto, na kamba amefunga mara mbili. Cha kulia alikuwa amekishika.

Kiharusi. Upande wote wa kulia, mkono na mguu. Ulimi nao. Anaelewa kila kitu, daktari anasema, na mimi ninaona macho yake yanaelewa, lakini maneno yanatoka yamevunjika, mengine hayatoki. Wiki ile ya kwanza alinishika kwa mkono wa kushoto akasema, "Asi... asijue." Akatazama picha yako. Alikuwa anaufikiria mkataba wako, alikuwa akihesabu miezi kwa vidole kila Jumapili. Hivyo ndivyo nilivyomwelewa, nikaapa. Kama nilimwelewa vibaya, basi Mungu anisamehe, wewe usinisamehe.

Mwenye duka la kona ni mimi niliyemwomba aseme vile. "Ni nzuri" ni uongo wangu. Mbwa ni wangu pia. Umenishika, hongera. Niliketi mezani usiku ule nikijaribu kuwaza kama Baba, sikuweza, nikaweka mbwa. Kandambili ni kweli, zilinitoka tu kalamuni kwa sababu ndizo ninazomvisha kila siku na mguu mmoja hauzishiki.

Sasa nikueleze sekunde zako.

Unakumbuka mashine ile ya santuri haikuguswa na mtu ila Baba? Mama alipokuwa hai hata yeye hakuigusa. Hakuna santuri iliyozunguka katika nyumba ile bila Baba kuwa kwenye kiti chake na viatu vyake mguuni. Uliponiandikia unataka kanda, nilimwinua nikamkalisha, nikaweka Mama Mkali kwa mkono wangu, mara ya kwanza maishani. Nikakaa kwenye kigoda. Tukafika pale. Mimi nilishakaza mabega, kama wewe, nangoja iruke. Ikapita. Nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia, Mama Mkali anashikilia ile sauti ya juu kabisa peke yake kabla okestra haijamwangukia. Nikamtazama Baba. Machozi yalikuwa yanamtoka na paja lake la kulia lilikuwa limelala pale kama la mtu mwingine.

Ndipo nikajua. Santuri ile haina mkwaruzo, Sekunde. Haijawahi kuwa nao. Nimeipeleka dirishani nikaikagua kwenye mwanga, nikaikagua tena kwa kioo cha kukuzia cha kazini. Ni safi. Kilichokuwa kikiirusha ni kisigino cha Baba. Kila akifika pale alikuwa akipiga mguu sakafuni kwa raha, na sakafu yetu ya mbao inaubeba mguu mpaka kwenye kabati lenye mashine, na sindano inaruka. Miaka yote ile. Na yeye mwenyewe alikuwa akigeuka kutuambia, "Ina mkwaruzo hii, haiponi," nasi tukiitikia, ndiyo Baba.

Ningekuwa mwongo hodari kama unavyonidhania, ningepiga sakafu mwenyewe. Wazo lilinijia. Niliinua mguu kabisa. Nilishindwa, nilihisi nitakuwa namzika.

Umeniita mwizi. Umesema ningemuuza. Sijui nitaiweka wapi sentensi ile. Nimejaribu kuisahau lakini kila nikimlisha kijiko inarudi.

Usije mbio. Daktari anasema hali imetulia na mazoezi ameanza. Ukivunja mkataba atajua ni kwa ajili yake, na hilo ndilo alilolikataa akiwa na neno moja tu la kusema. Na usiniandikie kwa sasa.

Dada

*

17 Agosti

Dada yangu,

Umesema nisiandike. Naandika. Nikae nimekunja mikono?

Baba hali yake? Wewe hali yako? Nani anakusaidia kumgeuza? Mgongo wako?

Nilipomaliza barua yako nilitoka kazini bila ruhusa, nikatembea mpaka nikafika mahali sipajui. Nikarudi. Nikatoa zile kanda mbili za zamani, nikavaa hedifoni, nikafunga macho. Dada, mguu umo. Umo kwenye zote mbili, wazi kabisa. Kishindo kwanza, du, halafu ndiyo mruko. Nimezisikiliza kanda hizi mamia ya mara. Mimi ndiye ninayejisifu kusikia saa inayochelewa nikiwa chumba cha pili. Nimekuwa nikikisikia kishindo kile miaka sita ya kanda hizi nikadhani ndio mlio wa mkwaruzo, na nilikuwa nikikipima kwa saa badala ya kujiuliza ni nini. Yaani Baba alikuwa ananipigia mguu kila kanda, nami nahesabu sekunde.

Nilikushuku, nikakusanya ushahidi, nikaupanga vizuri. Kila jino nililolikagua lilikuwa kweli limekatika. Ila saa yenyewe sikuijua. Niliona unaficha, nikakimbilia wizi. Sikufikiria hata dakika moja kwamba mtu anaweza kuficha kwa sababu amebeba mzigo. Nimeandika sentensi ile mimi mwenyewe, kwa kalamu hii, na siwezi kuirudisha. Naomba radhi. Siombi unijibu haraka.

Nilimwendea fundi mkuu. Amesema niende nikitaka, ila nafasi haitaningoja na kibali kitafutwa. Nilikuwa tayari. Kilichonizuia ni lile neno moja la Baba. Nitakuja Desemba, siku mkataba unapoisha, hata saa moja sitazidisha.

Mwambie Baba... usimwambie kitu. Mshike tu mguu wa kulia.

Mdogo wako

*

28 Septemba

Dada,

Habari za huko? Mimi mzima.

Wiki sita sasa. Kila siku posta inakuja saa nne na nusu asubuhi, na fundi mkuu ameacha kunitania. Nimeanza tena ule ugonjwa wangu: nashuku. Nashuku barua imepotea, nashuku umenichoka, nashuku Baba ameondoka na wewe umeapa tena. Hili la mwisho nikilifikiria naiweka bisibisi chini na kwenda mlangoni kutazama njia ya posta. Tafadhali. Neno moja tu kwenye karatasi tupu, "yupo", linatosha.

Yule kijana nimemrudia jana usiku. Nadhani kwenye hukumu Baba angesema anapiga kama mtu anayeomba msamaha kwa mlango uliofungwa. Au labda hiyo ni ya kwangu.

Mdogo wako,
Sekunde

*

2 Novemba

Mdogo wangu,

Yupo.

Natumaini u mzima. Mimi mgongo unauma kidogo, baba mdogo anasaidia. Barua zako zote mbili zilifika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, inachelewa kuja na inachelewa kuondoka. Sasa imebaki ya kikombe kimoja, nitakumwagia ukija.

Wiki iliyopita Baba aliashiria kabati. Nikadhani anataka blanketi. Akakataa. Akaashiria chini ya kitanda. Baba mdogo ndiye aliyeelewa, akavitoa vile vyeusi, akavipiga rangi, akamvalisha vyote viwili na kufunga kamba mara mbili. Kile cha kulia tulihangaika nacho sana. Kisha tukaweka Mama Mkali.

Kanda iko humu, upande wa pili. Sikiliza tu. Nakuomba safari hii usiniandikie juu ya sekunde.

Dada yako

*

23 Novemba

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Baba, na kwa baba mdogo ambaye nitamshukuru kwa magoti. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa kuwa tangu kanda ifike sijapata hamu ya kula.

Niliifunga saa ya kupimia mbio kwenye droo, na ufunguo nikampa fundi mkuu. Nikavaa hedifoni. Nikasikia kiti kikilia, nikasikia mtu akikohoa, nadhani ni baba mdogo. Mama Mkali akaanza kugomba. Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza. Akapanda, akafika juu, akaishikilia ile sauti ambayo sikuwahi kupewa utotoni, sekunde moja, mbili, nikasema basi, imepita, hamna mguu tena.

Du.

Ikaruka.

Kishindo hafifu, kimechelewa, si kama kile cha zamani. Halafu nikasikia sauti yako ukisema "Baba!" na kanda ikakatika.

Sasa nikiri. Jioni ile nilimwomba fundi mkuu ufunguo. Nimepima, nisamehe. Ulikata kanda kabla ya mwisho, lakini nimelinganisha tangu mwanzo hadi mguu: umechelewa sekunde mbili. Na mimi unanijua, usiku huohuo kichwa kikaanza kufungua vifuniko. Mguu uliokufa miezi minane huchelewa hivyo, nikasema. Halafu nikasema, na mtu aliyeinua mguu akasita, akihisi anamzika mzee wake, naye huchelewa hivyohivyo. Ukasema "Baba!" kwa kushangaa, au ulikuwa unamwomba radhi. Nimeisikiliza sauti yako mara nyingi kuliko nilivyomsikiliza Mama Mkali. Ushahidi ninao wa pande zote mbili, mzuri kabisa, ungesimama popote.

Nimeukunja nikautupa. Sitakuuliza, Dada. Si leo, wala nikifika, wala tukizeeka. Sababu naijua na si kwamba nimepona ugonjwa wangu. Ni kwamba mguu wowote uliopiga sakafu ile, ulipigwa kwa ajili yangu na mtu wa nyumba ile.

Nitafika tarehe kumi na tisa Desemba, asubuhi. Nakuja na yule kijana, santuri yenyewe safari hii, fundi mkuu aliitafuta mwenyewe na kunipa. Tutamweka mbele ya Baba, atahukumu kwa lugha yoyote aliyobaki nayo. Nami nitavaa viatu.

Kwa sasa mwambie mzee kwamba nimeipata kanda, na kwamba ile santuri yetu ina mkwaruzo palepale, asihangaike nayo.

Mdogo wako,
Sekunde